MacBook ya 2011 inawaka alafu inaganda kwenye weupe, nibadilishe bodi?

SWALI: Fundi shikamoo. Nina MacBook Pro ya inchi 15 ya mwaka 2011, niliachiwa na bro alipopata mpya. Mi ni mwalimu hapa Morogoro, naitumia kufundishia kwa projekta na wikiendi nakata video za harusi. Ilianza kuleta mistari mistari ya rangi kwenye kioo, mara inazima na kuwaka yenyewe, na sa hivi ukiiwasha inalia ule mlio wake alafu inabaki nyeupe tu mpaka kesho. Fundi wa hapa akafungua akapiga hitigani, ile ya kupuliza hewa ya moto, kwenye bodi, ikapona siku kumi na moja, ikarudi kulekule. Fundi mwingine anasema bodi imekufa, anayo yuzdi ya laki tatu na nusu na kufunga. Nimpe hela? Na kazi zangu zilizomo ndani zitapotea?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kwanza pumua, kazi zako hazijaenda popote. Mashine za miaka hiyo diski ni kitu cha pembeni kabisa, haijagandishwa kwenye bodi kama hizi za siku hizi, kwa hiyo hata bodi ikiungua moto diski unaichomoa, unaiweka kwenye kile kikasha cha USB cha elfu kadhaa, unaisoma kwenye Mac nyingine. Fanya hivyo leo kabla hujamkabidhi mtu yeyote mashine, na namaanisha mtu yeyote, hata mimi. Nimeona watu wanaleta kompyuta kubadilishwa kioo wanarudishiwa diski imeformatiwa, manake kijana wa dukani aliona ni rahisi kuanza upya.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe. Ungeniambia "laptopu imezima" tu ningekuuliza maswali ishirini, ila ulivyosema inchi 15, 2011, mistari ya rangi, kuzima yenyewe, weupe, na hitigani ikaponya siku kumi na moja, hapo umeshanipa karibu jibu lote. Hiyo mashine ina vichakata picha viwili, kimoja cha Intel kiko humohumo ndani ya prosesa, kingine ni chipu ya AMD Radeon iko peke yake kwenye bodi. Hiyo Radeon ndo mgonjwa wa miaka yote. Sio wewe, sio vumbi la Morogoro, sio umeme kukatika. Apple wenyewe walikubali, Februari 2015 wakafungua mpango wa kutengeneza bure hizo MacBook Pro za inchi 15 na 17 zenye tatizo la picha, ukafungwa mwisho wa Desemba 2016. We umechelewa, pole. Za inchi 13 za mwaka huohuo hazina Radeon kabisa ndo maana bado unaziona mtaani zinadunda.

Lakini usikubali mtu akwambie "bodi imekufa" kwa kuangalia kwa macho. Mi nina kanuni yangu, bodi ni ya mwisho kulaumiwa, kwa sababu ndo kitu cha bei kubwa kuliko vyote na ndo kitu ambacho mteja hawezi kuhakiki. Kwa hiyo kabla ya laki tatu na nusu fanya haya, mengine ni ya dakika mbili.

Usiku zima taa chumbani, washa mashine, ikishaganda chukua tochi ya simu imulike kioo kwa pembeni. Hii ni zaidi kwa wale ambao kioo kinakuwa cheusi, ukiona picha hafifu kwa mbali ujue picha ipo ila taa ya kioo ndo haipo, hapo unahangaika na kioo na waya wake, sio Radeon. Yako inaleta weupe kwa hiyo taa iko hai, ila nimeisema hapa kwa sababu kuna watu wameuziwa bodi kwa ajili ya taa.

Alafu RAM, vile vijibodi vya kumbukumbu. Zipo mbili, zimepandana. Toa moja ujaribu, geuza, jaribu nyingine. RAM mbovu kwenye Mac inapiga kelele, milio mitatu alafu inatulia alafu mitatu tena, na kama haioni RAM kabisa inalia mara moja kila baada ya sekunde tano. Yako inatoa mlio wa kawaida wa kuamka kwa hiyo RAM siishuku sana, ila jaribu, ni bure.

Kipimo ninachokipenda mimi ni hiki: toa diski kabisa, washa bila diski. Mashine isiyo na ugonjwa inatakiwa ikae kidogo alafu ilete folda yenye alama ya kuuliza inapepesa. Ikileta hiyo folda safi bila mistari, alafu ukirudisha diski inaganda palepale, basi inakufa wakati mfumo unaamsha draiva ya Radeon, yaani programu inayoiendesha. Au diski yenyewe, au waya wa diski, ndo maana nimekwambia uisome kwanza kwenye mashine nyingine, ikifunguka kule vizuri basi diski umeshaifuta kwenye orodha ya washukiwa. Hata bila diski ikaleta mistari au haifiki kwenye folda, basi hali ni mbaya zaidi ila jibu ni lilelile. Kingine, washa huku umeshikilia Shift. Mara nyingi inafika mpaka kwenye desktop ikiwa kilema kilema, kwa sababu hali hiyo haiamshi Radeon kwa nguvu zake zote. Ikifika na Shift na isipofika bila Shift, mi naandika Radeon kwenye risiti na nalala usingizi.

Ingekuwa haiwaki kabisa, hata taa ya chaja haiji, hapo ndo ningetoa mita ya kupimia umeme. Kwenye hizi bodi kuna laini ya volti 3.42 ambayo inatakiwa iwepo muda wote chaja ikichomekwa, hata kompyuta ikiwa imezimwa, hiyo ikikosekana hata taa ya kijani kwenye chaja huioni, na kuna laini kuu inayosoma kama volti 12 na ushee. Fundi anayekwambia bodi imekufa muulize amepima volti ngapi wapi. Akianza kukohoa, chukua mashine yako.

Turudi kwa yule wa hitigani. Sitamsema vibaya sana maana na mimi nimefanya huo mchezo miaka ya nyuma, nikachukua hela ya mtu nikajiona daktari, mwezi haukuisha dada wa watu karudi na mashine imezima, na nikamrudishia hela yake huku nimeinama. Kinachotokea ni hivi: ile chipu sio kipande kimoja, ni kijibamba kidogo cha silikoni kimekaa juu ya kisahani chake kwa vinundu vidogo sana vya lehemu, alafu kisahani ndo kimekaa juu ya bodi kwa vinundu vikubwa kidogo. Kila ukiwasha inapata moto, ukizima inapoa, inatanuka inanywea, miaka inaenda, vile vinundu vya ndani vinapasuka. Ukipuliza moto kila kitu kinatanuka, nyufa zinagusana, umeme unapita, mteja anafurahi. Hakuna kilichoungwa. Ndo maana hata ukisikia mtu anasema atatoa chipu aweke vinundu vipya chini na kuirudisha ileile, ni usumbufu, ugonjwa uko ndani ya chipu sio chini yake. Na kila ukiioka unazikaanga kepasita za jirani ambazo hazikuwa na kosa.

Sasa swali lako, ununue bodi au usinunue. Tatizo la bodi yuzdi ni kwamba ina chipu ileile ya mwaka uleule. Unatoa mgonjwa unaingiza mgonjwa mwingine ambaye bado hajaanza kukohoa. Hata anayekuuzia anaweza kuwa ameioka jana. Kama utaamua kununua hata hivyo, bodi iwe na namba 820-2915, mwishoni kuna A au B, imeandikwa kwenye bodi yenyewe kwa herufi ndogo nyeupe. Usikubali kuonyeshwa inawaka tu, kuwaka hata yako ilikuwa inawaka. Mwambie aiunge na projekta au skrini ya nje, hapo mashine inalazimika kutumia Radeon, alafu wekeni video icheze saa nzima huku mnakunywa chai. Akisema ana haraka, na wewe uwe na haraka ya kuondoka. Alafu iwashe umeshikilia Option. Ikileta kufuli kubwa katikati ya skrini achana nayo, hiyo ina nenosiri la mwenye nalo, na kufuli liko kwenye bodi sio kwenye diski, utakuwa umenunua sinia. Na huenda ni ya wizi.

Kuna bodi ambazo zimebadilishwa Radeon yenyewe kwa chipu mpya, hizo ndo za kununua. Juu ya chipu kuna tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki iliyotengenezwa, ukikuta 1108 ujue ni ya wiki ya nane ya 2011, yaani ileile ya kiwandani. Muuzaji anayejua kazi yake atakubali kufungua hitisinki, lile bamba la kupoza chipu, akuonyeshe.

Njia ya tatu ni kuizima Radeon kabisa ubaki na Intel. Unawasha umeshikilia Command, R na S kwa pamoja, unapata skrini nyeusi ya maandishi, unaandika kwanza csrutil disable, ya kuzima ulinzi wa mfumo, alafu huu mstari, bila kukosea hata nukta:

nvram fa4ce28d-b62f-4c99-9cc3-6815686e30f9:gpu-power-prefs=%01%00%00%00

Alafu reboot, na baadae faili la AMDRadeonX3000.kext, ndo draiva yenyewe, linahamishwa lisiamshwe tena. Nimefufua mashine kadhaa hivi na zinafanya kazi za ofisi bila wasiwasi. Ila sikiliza vizuri mwalimu: siku ukiresetisha NVRAM, ile kumbukumbu ndogo ya mipangilio kwenye bodi, mstari umefutika, unaanza upya, kujilaza usingizi kunasumbua, na kubwa kuliko yote, tundu la skrini ya nje limeungwa kwenye Radeon. Radeon ikizimwa projekta haiji tena. Wewe kazi yako ni projekta. Na kukata harusi kwa Intel pekee ya 2011 utakuwa unapika ugali kwa mshumaa.

Kwa hiyo ungekuwa mdogo wangu wa damu ningekwambia hiyo laki tatu na nusu usimpe, ongezea kidogo utafute MacBook Pro ya inchi 13 ya 2012 ile yenye tundu la CD. Haina Radeon, projekta inakubali, ina USB 3, na diski yako unaihamishia kama ilivyo, inawaka unakuta vitu vyako vyote kama vilivyokuwa. Ugonjwa wake ni waya wa diski kufa, ila huo ni waya tu.

Ukishikilia kubadilisha bodi na unataka ufanye mwenyewe, bisibisi unazohitaji ni nyota ndogo kwa kifuniko cha chini na Torx T6 kwa bodi. Kifuniko kina skrubu kumi, tatu ni ndefu saba ni fupi, chora umbo la mashine kwenye karatasi uzichomeke kila moja mahali pake, ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi utajuta. Kitu cha kwanza ukifungua ni kuchomoa konekta ya betri, kabla hujagusa chochote, nasema tena kabla hujagusa chochote. Waya wa utepe wa kibodi hauvutwi, kuna kikope chembamba unakiinua kwa ukucha alafu utepe unatoka wenyewe, wengi wanakivunja hapo. Kipaza sauti kidogo, yaani maiki, kimebandikwa kwa gundi kwenye ganda la mashine na waya wake umeshikana na bodi, kibandue taratibu kabla hujainua, kisikatike. Hitisinki isafishe kwa spiriti mpaka ing'ae, pesti mpya ya kupitisha joto punje ndogo tu kwenye kila chipu, sio kupaka kama siagi kwenye mkate.

Ukimaliza washa kabla hujafunga kifuniko. Ikiwaka alafu feni zote mbili zinapiga kelele mwanzo mwisho kama jenereta, usishtuke na usimpigie muuzaji, kuna konekta ya kipima joto umeisahau, chomoa betri utafute.