Kisigino cha mchumaji karafuu

SWALI: Asalaam alaykum Bi Daktari. Nachuma karafuu Mtambwe. Tangu msimu kuchanganya, nikishuka kitandani asubuhi nyuma ya kisigino panakaza na kuuma, nachechemea mpaka chooni. Nikishatembea hadi shambani panalegea, jioni panarudi palepale. Bibi ananikanda kwa mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Wenzangu wanasema msuli umekatika, nilale tu. Na pishi zangu atanichumia nani? – M., Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Msuli ungekatika, mkarafuu usingeupanda. Kwa unavyoeleza, kinacholalamika ni kano, ule ugumu unaoushika kwa vidole viwili juu ya kisigino.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa, mmoja umelala chini ya mwenzake. Kazi yao ni kuvuta tu. Hakuna msuli mwilini unaojua kusukuma. Kila uzi wa msuli umevikwa utando mwembamba, kila fungu la nyuzi lina utando wake, na msuli mzima una wake. Huko chini tando hizo huungana na kano ya kisigino, nene kuliko zote mwilini, nayo ndiyo inayoshika mfupa. Ni kama demani, ile kamba ya tanga la ngalawa: mkono unavuta huku, tanga linatii kule.

Sasa jitazame ukiwa mtini. Vidole vimebana tagaa, kisigino kinaning'inia, mkono mmoja umeshika upembo. Hapo kano imevutwa mpaka mwisho na imebeba uzito wako wote, halafu unajinyanyua tagaa la pili. Msuli una damu nyingi, huzoea kazi upesi. Kano damu yake ni haba, huchelewa. Nanyi wachumaji mnakaa miezi hamjapanda kitu, msimu ukiingia mnashinda juu kutwa!

Kulala hakutakufaa, maana kano hujengeka kwa kuvutwa kwa kipimo. Punguza miti mirefu. Jioni simama kwa vidole kwenye ngazi ya baraza, jinyanyue kwa miguu miwili, kisha shuka polepole kwa mguu unaouma. Fanya mara 15, pumzika, rudia mpaka zitimie raundi 3. Maumivu kidogo yasikutishe. Yakizidi asubuhi ya pili, punguza. Itachukua kama miezi 3, usiniandikie baada ya wiki kuwa dawa haifanyi kazi. Makonyo ya bibi hayana neno, ila asikukandamize palipovimba.

Nami nina swali. Umemeza siprofloksasini, ile dawa ya kuua bakteria, karibuni? Watu huinunua dukani bila cheti, na inajulikana kudhoofisha kano, hata kuikata. Ikiwa unaimeza, mrudie daktari umweleze habari za kisigino kabla ya kidonge kingine. Na siku ukisikia "paa!" nyuma ya mguu, kama mtu kakupiga teke, ukajaribu kusimama kwa vidole vya mguu huo ukashindwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.