Muulize Mwalimu: Mita tunazo, mabingwa wako wapi?

Tangu Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo, sanduku langu la barua limekuwa la riadha tupu. Waliouliza habari za mikopo ya wastaafu na mbwa wa jirani wanivumilie hadi toleo lijalo. Mhariri amenipa nafasi ile ile ya siku zote, na barua ya Makete peke yake imekula karibu nusu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa viazi huku Makete. Kila siku tunaambiwa Wakenya na Wahabeshi wanashinda mbio kwa sababu wanakaa juu kwenye hewa nyepesi. Sasa sisi mwezi wa sita tunaamka tunakuta barafu kwenye majani ya viazi. Kama ni kukaa juu tumekaa, toka enzi za mababu. Mbona hatujatoa hata mmoja? Au ni damu yao?
*Mkulima, Makete*

Marahaba. Swali hili nimetembea nalo miaka yote niliyokuwa uwanjani na kipyenga shingoni.

Hewa ina kazi yake, tusiidharau. Ukiwa juu, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ya mtu wa Dar es Salaam. Figo zinagundua upungufu huo, zinatoa homoni ya kuuamsha uboho, na uboho unaongeza chembe nyekundu za damu ambazo ndizo wachukuzi wa oksijeni. Ndiyo maana kijana wenu akiteremka pwani kukimbia, siku za mwanzo, ukiacha lile joto, anajiona kama kaongezewa pafu la tatu.

Lakini hebu tupime. Eldoret ya Kenya iko kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari. Iten, huko huko Kenya, ni kama 2,400, na Addis Ababa haiko mbali na hapo. Kitulo yetu, huko kwenu Makete, ni kama 2,600. Ingekuwa ni mita tu, ng'ombe wa Kitulo wangekuwa na medali shingoni. Halafu wako watu wa Nepal, Peru na Bolivia wanaoishi juu kuliko wote hao. Nitajie bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 kutoka Bolivia. Nasubiri.

Damu? Wataalamu wamewapima sana Wakalenjin, watu wa Kenya wanakotoka wakimbiaji wengi, na kitu kimoja wanachokitaja ni vigimbi vyembamba. Kina maana. Funga kilo moja ya mchele kiunoni utembee, kisha ihamishie kwenye kifundo cha mguu utembee tena, utanielewa. Mguu ulio mwepesi huku mwisho unarushwa kwa nguvu kidogo. Ila jeni la ubingwa lenyewe halijaonekana, na vigimbi vyembamba nimeviona vingi sana stendi ya Makambako vikikimbilia mabasi na ndoo za mahindi ya kuchemsha.

Ninachoamini mimi ni hiki. Kuna mji mdogo Ethiopia unaitwa Bekoji, watu wake ni wakulima kama wewe. Derartu Tulu aliyeshinda mita 10,000 Barcelona 1992 katokea huko. Fatuma Roba, marathoni ya Atlanta 1996, huko huko. Kenenisa Bekele huko. Tirunesh Dibaba huko. Na kulikuwa na mwalimu wa shule, Sentayehu Eshetu, aliyekuwa akiwatoa watoto asubuhi na mapema kabla dunia haijawajua. Iten nako, mwaka 1976 alifika mtawa kutoka Ireland, Colm O'Connell, kaja kufundisha jiografia katika sekondari ya St. Patrick's. Riadha hakuisomea. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, yule wa dakika 1 na sekunde 40.91 katika mita 800, London 2012.

Alhamisi asubuhi Iten wanatoka mamia kwa pamoja kwenye vumbi jekundu, wanakaza, wanalegeza, wanakaza tena. Katikati ya kundi yumo bingwa wa dunia, na yumo kijana aliyefika juzi na raba za kuazima. Yule kijana anashikilia dakika kumi, anaachwa. Wiki inayofuata anashikilia kumi na tano. Hajaambiwa na mtu kwamba bingwa ni binadamu, kamsikia mwenyewe akihema.

Sasa linganisha na wa kwangu. Nilikuwa na kijana mmoja hapa Mbeya, mwepesi ajabu. Mwezi wa sita, saa kumi na mbili kasorobo, giza bado, tunaianza barabara ya Chunya kuelekea Kawetire, yeye kwa miguu, mimi nyuma na baiskeli. Soksi kavaa mikononi maana glovu hatukuwa nazo. Pumzi yake inatoka kama moshi wa kuni mbichi. Kwenye kona za juu mimi nashuka nasukuma baiskeli, yeye anapotea kwenye ukungu, namsikia tu miguu. Nikimfikia kasimama ananiuliza, "Mwalimu, leo nimekwenda?" Nami sina cha kumlinganisha nacho ila saa yangu ya mkononi. Saa haimtii mtu wivu. Hakuwa na wa kumfukuza wala wa kumkimbia. Akamaliza kidato cha nne, sasa yuko na bodaboda Mwanjelwa, na akiniona ananipigia honi.

Halafu kuna mambo ya tumbo. Abebe Bikila, bingwa wa marathoni wa Ethiopia, alikuwa askari wa kikosi cha ulinzi wa mfalme. Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Wakenya wengi wameajiriwa jeshini, polisi na magereza. Mshahara kwa mkimbiaji maana yake ni usingizi wa mchana. Wewe huwezi kukimbia kilomita 30 asubuhi, ukapalilia viazi mpaka saa tisa, kisha ukaongeza kumi jioni. Utafika Jumatano tu. Mwili unajengeka ukiwa umelala, na mke wako hatakuelewa ukilala saa saba mchana wakati wa palizi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, hewa mnayo. Tafuteni watu ishirini wa kuamka pamoja, na mmoja wao awe na kazi inayomruhusu kulala.

Kamwene Mwalimu. Toleo lililopita uliandika kwamba Filbert Bayi alipata medali yake ya Olimpiki katika mita 1,500. Babu yangu hapa Ipogolo amekataa katakata, anasema walimu wa siku hizi hawajui kitu. Nani mkweli?
*Mjukuu, Iringa*

Kamwene. Mpe babu shikamoo yangu, na umwambie nimeanguka mtihani. Medali ya Bayi ni ya fedha, Moscow 1980, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza mpaka Malinowski wa Poland akamkuta mzunguko wa mwisho. Michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui akachukua fedha katika mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki Tanzania iliyo nazo. Kumwita mtu wa 1974 "mwalimu wa siku hizi" nimelipokea kama sifa.

Maana 1974 nilikuwepo, walau masikio yangu. Tarehe 2 Februari, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1,500. Wakati ule mtindo ulikuwa kujificha nyuma ya wenzako, wakukatie upepo, kisha unachomoka mita 200 za mwisho. Bayi akaondoka na mlio wa bastola. Kufika mita 800 alikuwa mbele kama mita 20. John Walker, mwenyeji, akamfuata akamfuata, hakumpata. Dakika 3, sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Walker mwenyewe alipita chini ya rekodi ya zamani na bado akawa wa pili. Muda ule ulibaki rekodi ya michezo hiyo kwa miaka 48, hadi Birmingham 2022.

Tuliposikia redioni, kila mvulana wa shule yetu akawa Bayi. Mimi nikiwemo. Mashindano ya wilaya nikaondoka kama nimeibiwa, mzunguko wa kwanza niko mbele peke yangu, wasichana wanashangilia. Mzunguko wa pili bado mbele. Wa tatu kichomi kikanishika ubavuni kama mkuki, nikapitwa na mtu wa pili, wa tatu, wa sita, na mwisho na mvulana mmoja mnene aliyeingizwa kujaza idadi. Aliniambia "pole kaka" akiwa anapita. Hilo la "pole kaka" ndilo lililonifanya niwe mwalimu badala ya mkimbiaji.

Mwambie babu pia lile linaloniuma: 1976 Montreal Bayi hakukimbia. Nchi za Afrika ziligoma kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mgomo ulikuwa wa haki, nitausema hivyo siku zote. Mita 1,500 za Montreal alishinda nani? John Walker.

Ndaga fijo Mwalimu. Je, kukimbia peku kunaongeza kasi kama Abebe Bikila?
*Kijana, Tukuyu*

Ndaga. Bikila alikimbia peku Roma 1960, saa 2:15:16, rekodi ya dunia, kwa sababu viatu alivyopewa vilimbana. Tokyo 1964 alivaa viatu, tena wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, akakimbia 2:12:11. Piga hesabu mwenyewe. Kwenye nyasi za uwanja wa shule peku ni sawa kabisa. Kwenye changarawe za Tukuyu vaa raba.

Mwalimu, Mwafrika anaweza kushinda mbio fupi, au sisi ni wa mbio ndefu tu?
*Vwawa*

Letsile Tebogo wa Botswana, mita 200, Paris 2024, dhahabu, sekunde 19.46. Ferdinand Omanyala wa Kenya, sekunde 9.77 katika mita 100, Nairobi 2021. John Akii-Bua wa Uganda, mita 400 viunzi, Munich 1972, dhahabu na rekodi ya dunia. Inayofuata.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba. Ameshinda mita 800 na 1,500 za UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ngazi ya wilaya. Amekuja mtu anataka kumchukua akakimbie kilomita 21 barabarani, anasema kuna zawadi ya fedha. Anataka pia kumpa vidonge vya nguvu. Shangazi zake nao wanasema mbio zitamharibu kizazi. Nimechanganyikiwa.
*Mama, Makambako*

Marahaba, mama. Huyo mtu mwambie hapana, na usimkaribishe chai.

Kilomita 21 kwa mtoto wa miaka 13 ni kula mbegu. Mifupa yake bado inarefuka. Abaki na hizo 800 na 1,500, acheze na netiboli, aruke kamba. Kasi inajengwa utotoni, umbali unaweza kusubiri hata miaka kumi.

Vidonge usivipokee hata kama kavifungia kwenye Biblia. Ruth Chepngetich wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa 2 na dakika 10, Chicago 2024, amefungiwa miaka mitatu kwa dawa ya kukojosha iliyokutwa mwilini mwake. Huyo ni mtu mzima mwenye mawakili. Wako ataeleza nini?

Shangazi wajibiwe kwa jina moja: Faith Kipyegon wa Kenya. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 Rio 2016, akajifungua binti 2018, akarudi akashinda Olimpiki ya Tokyo, akashinda tena ya Paris. Rekodi ya dunia ya sasa, dakika 3:48.68, kaiweka 2025 akiwa mama. Cha kuangalia kwa binti yako ni tofauti: akishavunja ungo, hedhi ikikatika miezi kadhaa, ni dalili kwamba anakimbia kuliko anavyokula. Mpeleke hospitali, na mazoezi yapungue. Mpe maharage, dagaa, mboga za majani, maziwa. Chai asinywe pamoja na chakula, maana inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Asubiri kama saa moja. Najua nyumbani kwenu chai na maharage vinakaa meza moja, hata kwangu, lakini ndivyo ilivyo.

Mwalimu, tumebishana hapa kijiweni Mwanjelwa. Mimi nasema Simbu kashinda Tokyo kihalali. Mwenzangu anasema muda wake na wa yule Mjerumani ni ule ule, kwa hiyo dhahabu ilipaswa kugawanywa, kama walivyogawana wale waruka juu wa Olimpiki. Kuna kreti ya soda mezani.
*Wabishi wawili, Mbeya*

Mwenzako kachanganya viwanja. Barshim wa Qatar na Tamberi wa Italia waligawana dhahabu ya kuruka juu, Olimpiki ya Tokyo, kwa sababu walikuwa sawa kwa kila kitu na wakakubali wasiendelee kurukishana. Kwenye mbio kuna picha ya mstarini. Ni kweli Alphonce Simbu na Amanal Petros wote wameandikiwa saa 2:09:48, Septemba 2025, kwa kuwa muda wa marathoni unaandikwa kwa sekunde nzima. Lakini picha inasoma hadi vipande vya sekunde, na ilionyesha Simbu kamtangulia kwa 0.03. Tena kinachotazamwa ni kiwiliwili, si kichwa, si mkono, si mguu. Petros alijirusha akaanguka mstarini. Simbu alifika akiwa wima, kifua mbele, naye hakuwa na uhakika mpaka alipoliona jina lake kwenye skrini.

Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, na mnataka kuikata vipande viwili hapo Mwanjelwa. Mwenzako alipe kreti. Yangu iwe tangawizi, nitapita Jumamosi nikitoka Uyole, na yule kijana wangu wa bodaboda mumpe moja.