Tezi ya Shingo Inapozembea: Maswali Yenu na Majibu

Leo nafasi yote naiachia tezi ya thairoidi iliyolegea, ile inayotoa homoni chache kuliko mwili unavyohitaji. Barua ni nyingi, nyingine ndefu kama hukumu ya mahakama, kwa hiyo nimezifupisha.

Shikamoo daktari. Nina miaka 38. Mwaka mzima nasikia baridi hata jua la saa saba, nywele zinapukutika, choo kigumu, hedhi nzito, na nimeongezeka kilo nne. Nimepimwa damu, haijapungua. Mume wangu anasema ni uvivu. (Tanga)

Marahaba. Omba kipimo cha TSH. Tezi ya shingo ikizembea, tezi nyingine ndogo iliyo chini ya ubongo huipigia kelele kwa kutuma TSH nyingi. Kwa hiyo TSH ikipanda, ujue tezi ya shingo imelegea. Mara kwa mara naletewa karatasi ya maabara na mtu aliyeona namba kubwa akaamua mwenyewe kwamba tezi yake inakimbia mno. Ni kinyume chake.

Maabara nyingi huhesabu 0.4 hadi 4 kuwa kawaida. Ikizidi 10, kwa kawaida tunaanza dawa. Ikiwa katikati, na homoni yenyewe (wanaiandika T4) iko sawa, mara nyingi tunarudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kumfunga mtu na vidonge. Na kama unameza vidonge vya nywele vyenye biotini, viache siku mbili tatu kabla ya kutolewa damu, maana huvuruga majibu.

Kilo nne zinaweza kutokana na tezi. Kilo ishirini, hapana, hapo tutafute na sababu nyingine. Mumeo mpe asome hapa.

Mbona sina rovu? Niliambiwa ugonjwa wa tezi lazima shingo ivimbe.

Si lazima. Kuna wenye rovu kubwa na homoni zao ni za kawaida, na kuna wenye shingo nyembamba ambao tezi imekufa kimyakimya. Sababu mojawapo kubwa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yake yenyewe; ugonjwa huo unaitwa Hashimoto, kwa jina la daktari Mjapani aliyeueleza mwaka 1912. Wengine tezi zao zilikatwa kwa upasuaji, au walitibiwa kwa iodini ya mionzi kwa sababu zilikuwa zikifanya kazi kupita kiasi.

Naishi Unguja. Jirani ananiuzia unga wa mwani, anasema ni dawa ya thairoidi kwa sababu una iodini. Niache vidonge?

Usiache. Iodini ni malighafi ya homoni, ni kweli, na mtu mzima anahitaji kiasi cha mikrogramu 150 tu kwa siku. Lakini kama kinga ya mwili ndiyo inayobomoa kiwanda, kurundika malighafi mlangoni hakusaidii. Tena iodini nyingi mno inaweza kuizima zaidi tezi iliyokwisha kuumwa. Mwani hutofautiana sana kwa iodini, na paketi ya jirani haikuambii umekula kiasi gani. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani nawaheshimu, ila si wao wanaokuandikia dozi.

Upande wa pili usidhani kwamba kuishi kisiwani na kula samaki kunatosha. Watafiti walipopima watoto wa shule Zanzibar, walikuta Pemba upungufu wa iodini upo. Nunua chumvi yenye iodini, iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jiko na jua, na utie chunguni mwishoni.

Nameza levothairoksini (kidonge cha homoni ya tezi) mikrogramu 100 mwaka wa pili, TSH bado iko juu. Daktari anataka kuongeza. Na Ramadhani nifanyeje? (Mombasa)

Kabla ya kuongeza, niambie unaimeza na nini. Nikiwauliza wagonjwa, jibu huwa: na chai ya maziwa, maandazi, na kidonge cha kuongeza damu, vyote kwa mkupuo. Hapo dawa imeliwa na kifungua kinywa. Imeze kwa maji matupu, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo saa nne. Ukisahau asubuhi, meza ukikumbuka. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi, siku moja haikuangushi. Kwa sababu hiyohiyo, ukibadilisha dozi subiri wiki sita hadi nane ndipo upime tena.

Ramadhani una njia mbili. Meza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Au amka mapema, umeze, kisha ule daku baada ya nusu saa. Mimi napenda ya kwanza, kwani wanaochagua ya pili huishia kumeza na uji huku adhana inaadhiniwa.

Nimepata ujauzito. Mama mkwe anasema vidonge vya tezi vitamdhuru mtoto.

Mama mkwe ana nia njema, lakini kuviacha ndiko kunakodhuru. Miezi ya mwanzo mtoto hana tezi inayofanya kazi. Ubongo wake unajengwa kwa homoni zako. Wengi huhitaji kuongezewa dozi mara mimba inapothibitishwa, mara nyingi vidonge viwili zaidi kwa wiki. Nenda kliniki wiki hii, usingoje tarehe yako, na vidonge vya damu utakavyopewa huko vimeze jioni.

Nitameza mpaka lini?

Kwa wengi, maisha yote. Baadhi ya waliolegea tezi baada ya kujifungua hupona wakaacha, kwa kipimo, si kwa kujisikia nafuu. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa hivi, mwanamke wa Uingereza, alianzishwa na daktari George Murray mwaka 1891 kwa maji ya tezi za kondoo, akaishi miaka 28 zaidi. Murray alihesabu kondoo zaidi ya 870 waliotoa tezi hizo.