Asilimia kumi kwa muda gani?

Mwalimu mwenzangu uliyepangiwa Kigoma, ukipewa vipindi vya Biashara au Hisabati, haitapita muda utafika kwenye riba. Nakuomba usianzie ubaoni. Mimi nilianzia ubaoni miaka mitatu mfululizo: PRT (mtaji mara asilimia ya riba mara muda) gawanya kwa 100, mifano miwili, maswali kumi ya nyumbani. Madaftari yalirudi yana vema tupu. Lakini nilipowauliza wanafunzi walewale mkopo wa vocha unawakata kiasi gani, darasa lilinyamaza. Hawakujua kwamba ni hesabu ileile.

Herufi inayowaponyoka ni T. Mtaji wanauona, asilimia wanaisikia, muda hawaujali. Mtaani watu husema "mkopo wa asilimia kumi" kana kwamba sentensi imekamilika. Tangu siku ya kwanza wazoeze kuuliza: asilimia kumi kwa muda gani? Kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi, au kwa mwaka? Mimi sasa situmii dakika ishirini za kwanza kwa jambo jingine.

Anza na vocha kwa sababu hiyo wanaijua. Tuseme mtu amekopa vocha ya 1,000, akapewa ya 850, na siku ya tatu akiongeza salio anakatwa 1,000 yote. Watakuambia ada ni asilimia 15. Waulize: amepokea ngapi mkononi? Amepokea 850, na 150 kwa 850 ni karibu asilimia 18. Tena hiyo ni ya siku tatu. Akikopa hivyo mara kumi kwa mwezi, 1,500 imekwenda na hana cha kuonyesha. Nimeona vijana wakitoa simu za nyumbani na kuanza kusoma upya ujumbe waliokuwa wanaufuta kila siku. Kipindi hicho kikifika mwisho, usiwaharakishe.

Cha pili nilichojifunza ni kuwapa hesabu ya kweli. Mimi nawapa yangu. Nilipoajiriwa, mshahara ulichelewa kuingia, nami nilikuwa na kodi ya chumba ya kulipa. Nikakopa 300,000 kwa mtu anayekopesha mtaani, ile mikopo watu wanayoiita kausha damu, kwa asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana ilikuwa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Mwezi wa kwanza sikulipa, deni likawa 390,000. Mwezi wa pili asilimia 30 ikapigwa kwenye 390,000, siyo kwenye 300,000, likafika 507,000. Mwezi wa tatu 659,100. Mshahara ulipoingia, aliyekwenda kuutoa hakuwa mimi. Naliandika hili bila kuficha kwa sababu wewe nawe utafika hapa na begi moja, mshahara bado, na mtu atakuja kukuambia ni mkopo mdogo tu. Kadi na namba ya siri usimkabidhi mtu yeyote, hata awe amependekezwa na mwalimu wa ofisini kwenu.

Darasani hesabu hiyo inafundisha tofauti ya riba ya kawaida na riba juu ya riba kuliko mfano wowote wa kitabuni. Kwa riba ya kawaida ningedaiwa 570,000 baada ya miezi mitatu. Zile 89,100 za ziada zimezaliwa na riba yenyewe. Wape muda wazitafute wenyewe zimetoka wapi.

Lakini somo hili halikuwa la Kigoma mpaka siku binti mmoja wa kidato cha tatu aliponyoosha mkono. Mama yake anaanika dagaa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhusha samaki. Nilikuwa nimeandika ubaoni marejesho ya kila wiki, wiki nne, sawasawa. Akauliza, "Mwalimu, na mbalamwezi je?"

Kama ni mgeni, elewa alichouliza. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, katika siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazina nguvu ya kuwavuta samaki, na vyombo vingi hukaa ufukweni mpaka giza lirudi. Chanja za kuanikia zinabaki tupu. Mama yule alikuwa na wiki zake za kuuza na siku zake za kukaa, ila ratiba ya marejesho haikuzijua. Wiki ya mbalamwezi alilipa kwa kukopa kwingine. Nilikaa kwenye kona ya dawati, nikafuta ratiba yangu, tukaanza upya.

Sasa nachora kalenda ya mwezi ubaoni. Siku za giza tunazipaka chaki, za mbalamwezi tunaziacha wazi, kisha tunaweka marejesho juu yake. Wanafunzi wenyewe wanaonyesha yatakapogonga siku isiyo na kitu. Halafu nawakumbusha mwaka 2024, ziwa lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Karibu kila darasa lina mtoto anayekumbuka miezi hiyo nyumbani kwao ilivyokuwa, na hapo T inaeleweka bila mimi kuongeza neno. Ukipangiwa Kasulu au Kibondo, mbali na ziwa, mbalamwezi haitakusaidia. Huko chukua msimu wa mahindi na maharage.

Kadi ya mkopo watakuuliza tu, kwa sababu wanaiona kwenye filamu na mitandaoni. Wengi wanadhani kadi ya ATM ya mzazi ndiyo hiyo, kwa kuwa ina nembo ya Visa au Mastercard. Waambie nembo ni ya mtandao unaopitisha malipo. Swali ni pesa inayotoka ni ya nani. Kadi ya kawaida inakata iliyomo kwenye akaunti yako. Kadi ya mkopo inatumia pesa ya benki, kisha benki inakuletea hesabu ya mwezi. Ukilipa yote kabla ya tarehe ya mwisho, kwa kawaida manunuzi hayana riba. Ukilipa kiwango cha chini tu, kilichobaki kinaanza kuzaa. Na ukiitumia kutolea pesa taslimu, mara nyingi riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Kwa hili mimi natumia punje za mahindi na makopo mawili, moja limeandikwa DENI, jingine RIBA. Hesabuni punje 500, kila moja ni shilingi 1,000. Weka riba ya asilimia 3 kwa mwezi na malipo ya chini ya asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza mkopaji anatoa punje 25: 15 zinaingia kopo la riba, 10 tu zinapunguza deni. Mwezi wa pili, deni likiwa 490, anatoa 24 na nusu, na deni linapungua kwa punje 9.8. Malipo yanapungua kila mwezi, na mkopaji anafurahi, kumbe ndiyo maana deni haliishi. Ukifika mwezi wa kumi na mbili, kopo la riba lina karibu punje 161 na deni limepungua kama 108. Wamwagie mezani, wazione. Kwa mwendo huo deni linafika nusu baada ya karibu miaka mitatu.

Kuna jambo moja la mikataba ambalo vitabu vyetu vinalipita haraka: riba inapigwa kwenye deni lipi? Mkopo wa 120,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, miezi minne. Ikipigwa kwenye mkopo wa mwanzo kila mwezi, riba ni 48,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, unarejesha 30,000 kila mwezi na riba inakuwa 12,000, 9,000, 6,000, 3,000, jumla 30,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni 18,000. Ongeza kwamba kwa taasisi za mikopo zisizopokea amana, Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, na kwamba Novemba 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Zipo programu ambazo mkopaji akichelewa, zinawapelekea watu wote walioandikwa kwenye simu yake ujumbe wa kumwaibisha. Kijana anayepakua kwa simu ya mama anaziruhusu zichukue majina ya watu wa mama.

Ujiji utakutana na mwanafunzi atakayesema, "Kwetu riba ni haramu, mwalimu." Mheshimu, na usibishane. Mwombe ahesabu pamoja nanyi ada, gharama ya huduma na faini, maana ziko mikopo isiyotaja riba popote na mtu anarudisha zaidi ya alichopokea. Mmoja wa wanafunzi wangu bora katika hesabu hizi alianza kwa kauli hiyo.

Halafu usimtake mtoto ataje deni la kwao mbele ya wenzake. Mimi nilifanya kosa hilo, kijana akakosa shule wiki nzima, na nikaenda nyumbani kwao kuomba radhi. Anayetaka kusema atakufuata baada ya kipindi.

Yule binti alinifuata. Alikuwa amechana karatasi katikati ya daftari, akachora mwezi mzima, giza na mbalamwezi, na chini yake tarehe nne za marejesho. Mbili alikuwa amezizungushia kalamu nyekundu. Aliniuliza kama mkopeshaji anaweza kukubali zihamishwe mbele kabla mama hajasaini mkopo mpya. Nikamwambia hilo linaombwa siku ya kusaini, na kwamba aende na ile karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa sketi.