Mshipi kukatikia kwenye ndoana

Ndugu, umesema mshipi wako unakatika palepale kwenye ndoana kila samaki akivuta kwa nguvu, na sasa unataka kununua mnene zaidi. Usinunue kwanza. Itazame ncha iliyobaki mkononi. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, mshipi haukukatika, fundo ndilo lililoteleza. Ikiwa imechakaa na ina mikwaruzo, mshipi umesuguliwa na mawe au meno ya samaki, basi kata kipande cha mwisho ufunge upya.

Kwa maelezo yako, nadhani ni fundo. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika hapohapo, kwa hiyo lowesha kwa mate kabla ya kukaza, halafu vuta polepole. Hilo tu limeniokolea samaki wengi kweli.

Fundo ninaloliamini ni Palomar. Kunja mshipi uwe mara mbili, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha ingiza ndoana yote ndani ya kile kitanzi. Lowesha, vuta pande zote mbili kwa pamoja. Acha ncha kidogo, kama milimita 3. Linashika vizuri hata kwenye mshipi wa kusuka, ambao huteleza sana.

Chambo bandia chenye ndoana nyingi kinasumbua kupita kitanzini. Fanya kitanzi kirefu zaidi.