Zabuni za halmashauri Tanga: rushwa imehamia wapi baada ya NeST

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani anayetaka kuiuzia halmashauri, iwe ya Jiji la Tanga au ya Pangani, siku hizi hapeleki bahasha ya zabuni. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma zinatakiwa kununua kupitia NeST, mfumo wa zabuni wa mtandaoni unaosimamiwa na PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma. Bei yako inafichwa hadi saa ya ufunguzi, kwa hiyo hakuna wa kuichungulia usiku kisha ampigie mwenzako ashushe kidogo. Ukichelewa dakika moja mfumo umeshafunga, na hakuna wa kumbembeleza.

Rushwa haikufa, imehama. Sehemu yake imerudi nyuma, kwenye maandalizi. Soma vigezo vya kitaalamu kabla ya kitu kingine. Ukiona printa imetajwa kwa jina la kampuni na modeli bila maneno “au inayolingana nayo”, mara nyingi kuna mtu ameshaandaliwa. Usiishie kulalamika barazani. Omba ufafanuzi ndani ya mfumo mapema, maana swali la humo linabaki na tarehe yake. Ukikosa zabuni isivyo haki, malalamiko yanaanza kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri, kisha rufani PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni za umma. Siku ni chache. Anza kuhesabu ukipata tu taarifa ya kusudio la kutoa tuzo, yaani ya nani anakusudiwa kupewa zabuni.

Anayekujazia zabuni stesheneri asibaki na nywila yako. Akishika za wazabuni watatu anaweza kupanga bei za wote, na kesi ya kula njama itakuja kwa jina lako.

Penye hela nyingi ni mapokezi ya vifaa, na huko mfumo hauoni zaidi ya kile kamati ya mapokezi ilichosaini. Chukua nondo za shule inayojengwa Muheza. Nondo ya milimita 12, urefu mita 12, ina kilo 10.7 hivi, ya milimita 10 ina kilo 7.4. Zikiwa kwenye furushi, macho yanadanganyika. Mjumbe wa kamati apime urefu kwanza, kisha aweke tano kwenye mizani na kugawanya kwa tano. Ya milimita 12 ikija kilo 9, asisaini. Mchanga upimwe kabla lori halijamwaga: urefu mara upana mara kina cha mchanga wenyewe, si cha bodi ya lori.

Ukiambiwa “saini tu, zilizobaki zinakuja kesho”, andika idadi iliyopo mbele yako. Wakikushinikiza, piga 113 ya TAKUKURU, ni bure.