Kabla hujasaini hiyo laki tano, soma kichwa cha karatasi

Dada, usiende. Umesema friji ya duka imekufa, kikoba chenu, kikundi cha kuweka na kukopa, kinakopesha mwezi ujao, na kuna ofisi ya kausha damu, hii mikopo ya riba ya kuumiza, itakupa laki tano leoleo ukiweka kadi ya pikipiki ya mzee. Rudisha hiyo kadi kabatini.

Pikipiki yangu ilienda hivyohivyo. Afisa mikopo, kijana mtanashati, akanisogezea karatasi: "Saini hapa braza, ni utaratibu tu." Juu imeandikwa HATI YA MAUZIANO. Nikauliza, akacheka. Neno mkopo halimo. Riba haimo. Kilichomo ni kwamba mimi, mwenye akili timamu (hapo tu pangetosha kuifuta), nimemuuzia bosi wake pikipiki kwa laki tano na hela nimepokea. Shahidi ni mlinzi wao. Rejesho lilipochelewa wakaja kijiweni, abiria wangu keshapanda, wakamshusha. Polisi nikaulizwa: si uliuza mwenyewe, sasa unalalamika nini?

Halafu humu mnatulizana eti BoT, Benki Kuu, imeweka ukomo wa riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Sawa, kwa laki tano ni 17,500. Mimi nilikuwa nadaiwa riba ya laki na nusu. Ukomo utamshika nani kama kwenye karatasi hakuna mkopo? Ndiyo maana wanaandika mauziano, wala si kwamba hawajui Kiswahili. Na yule jamaa aliyenipeleka pale, akala kamisheni yake, mpaka leo ananiita tajiri.

Kikoba kinaudhi, najua. Utajieleza mbele ya wote, mama mmoja atauliza kwani maji ya moto hayanyweki, sanduku lina kufuli tatu na mwenye ufunguo mmoja kila siku yuko msibani. Lakini deni lako linaandikwa deni, na riba unayolipa mnagawana wenyewe siku ya kuvunja. Mfuate mwenyekiti leo, aitishe kikao cha dharura.

Ya kusajili kikundi halmashauri na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake, wajuzi watakuja. Mimi nakuambia hili moja: ukiona mauziano, nyanyuka, hata kama hela zimeshahesabiwa mezani. Na kama umeshawaachia kopi ya kadi, kaifuate kabla hawajafunga ofisi.